Darasa la Kushika Mdomo

Habari aliniletea kijana wa toleka, mmoja wa wale waendesha baiskeli za abiria ambao bila wao mji wetu wa Kisangani ungelala hadi mchana. Alisimama mbele ya baraza yangu, mguu mmoja chini na mwingine bado juu ya pedali, akasema, "Papa, Madame amekufa. Leo asubui. Banasema ni tension." Tension, yaani presha ya damu. Nilimwomba arudie. Nilikuwa nimesikia vizuri, lakini nilitumaini kwamba safari ya pili maneno yangetoka tofauti. Akarudia vilevile, kisha akaondoka, kwa sababu alikuwa na milango mingine ya kupitia. Nilibaki na kikombe cha chai mkononi nikitazama ng'ambo ya barabara, kwenye mlango wa bluu ambao siku hiyo haukufunguliwa. Ninyi mnaonisoma kila wiki mmezoea kunikuta nikigombana na mashimo ya barabara, na umeme, na waheshimiwa wanaotukumbuka wakati wa kura tu. Leo sina nguvu ya kugombana na mtu. Nimeishiwa, na nitawaeleza kwa nini.

Hakuwa ndugu yangu, wala siwezi kujidai kwamba tulikuwa marafiki. Mimi ni mtu wa zile familia za Waislamu zilizofika huku na misafara ya biashara enzi za mababu, na kwa kweli huwa tunajiona wenye mji. Yeye alikuja kutoka Maniema na Biblia yake, akafundisha shule ya msingi mpaka nywele zikawa nyeupe. Alipostaafu hakwenda kupumzika. Alichukua chumba kilichokuwa duka la dawa, hapa hapa kwenye komini yetu, mbele ya nyumba yangu, akaacha rafu ukutani na tangazo la dawa ya minyoo mlangoni, akapanga mabenchi, na kuwaambia watu kwamba yeyote asiyejua kusoma aje. Basi wakaja. Kila mchana, jua likiwa kali na soko limepoa, niliwaona wakiingia: watoto wenye sare, wanawake wenye mabeseni, vijana wa toleka wakiegesha baiskeli zao kwenye ukuta wangu bila kuniuliza. Tulisalimiana tu, mimi na Madame. Yeye aliniita papa wa gazeti, mimi nilimwita Madame kama kila mtu, na mara mojamoja nililalamika kuhusu baiskeli.

Nilidhani ni wazimu. Mimi nilijua darasa kuwa watu wa umri mmoja, mstari mmoja, ukurasa mmoja. Kwake mtoto wa miaka saba aliketi bega kwa bega na mwanamke mwenye wajukuu, na hakuna aliyefanya kazi sawa na jirani yake. Watoto wadogo aliwaanzia na masikio. Kabla ya kuona herufi yoyote waliimba majina yao wakiyapigia makofi, kofi moja kwa kila kipande, mpaka mtoto akajua mwenyewe kwamba neno linaweza kukatwakatwa na kuunganishwa tena. Vijana wa toleka, wenye ndevu zinazoanza, hakuwapa kitabu chenye picha ya bata, maana alijua wangekimbia kwa aibu. Aliwapa maboksi ya vipuri, matangazo ya mechi, majina ya mahali wanakopeleka watu, Bangboka likiwa la kwanza, kwa kuwa abiria wa uwanja wa ndege ndiye kila mmoja wao anayemwota. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeitwa mgumu wa kichwa tangu utotoni. Madame alimhamishia karibu na mlango penye mwanga, akamwandikia ukutani kwa makaa herufi kubwa kama viganja, na ugumu wote ukaisha. Yalikuwa macho, na katika maisha yake yote hakuna aliyefikiria kumwuliza kama anaona.

Watu wazima aliwaanzia kwenye midomo yao wenyewe. Mtu alisema jambo lake, lolote, bei ya samaki au ugomvi wa jana, na mwanafunzi anayejua kuandika akaliandika lilivyosemwa, kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha Kisangani kinachowakera walimu wa sarufi. Kisha msemaji alipewa maneno yake ayasome. "Haiwezi kukushinda," Madame aliwaambia. "Ilitoka mu kinywa yako." Nililisikia hilo kutoka barazani nikiwa na kalamu mkononi, nikalipenda kiasi cha kulionea wivu.

Lakini desturi iliyolipa darasa lile jina mtaani ilikuwa nyingine. Mtu akikwama kwenye neno, kila mwenye kulijua alitakiwa kuweka kiganja juu ya mdomo wake mwenyewe na kungoja. Hakuna kunong'ona, hakuna kukohoa kwa maana, hakuna kumsukuma mtu kwa macho. Mara ya kwanza ukimya ule ulipodumu nilidhani kuna mtu ameanguka mle ndani, nikavuka barabara kutazama. Nilikuta chumba kizima kimeketi na viganja midomoni, wakubwa kwa wadogo, na kijana mmoja wa toleka katikati, jasho linamtiririka mbele ya kipande cha boksi. Nilitaka kumsaidia. Madame alinitupia jicho, nami, mtu mzima mwenye safu yake gazetini, nikajikuta nimeshika mdomo. Kijana alilipata neno baada ya muda ambao sijui niuelezeje, na chumba kililipuka kwa kelele hata mbuzi wa jirani wakakata kamba. Alipotoka kunisalimia Madame alisema, "Papa, ukimusomea, umemunyanganya. Neno ilikuwa iko njiani, inakuya kwake. Wewe unaikata njia."

Nawasimulia kisa kimoja ili muone alivyokuwa. Mtumishi mmoja wa serikali, baba wa mtaa wetu, alimleta binti yake mdogo mwenye sare nyeupe na bluu iliyopigwa pasi. Alisema mtoto anasoma vizuri kabisa Kifaransa, ila shuleni wamemrudisha darasa, na yeye anaona ni chuki. "Muache asome, Madame, utasikia mwenyewe." Mtoto alifungua kitabu, akasoma ukurasa mzima bila kupumua, kwa sauti tamu. Baba alitutazama sote, hata mimi niliyekuwa mlangoni. Madame alikipokea kitabu kwa upole, akakigeuza juu chini, akamrudishia. Mtoto akausoma tena ukurasa uleule, bila kukosea. Nilimwona baba akibadilika rangi, mkono wake ukaanza kupanda, na nilijua ungeangukia wapi. Madame alisimama katikati yao na kumwambia mtoto, "Uko na kichwa ya nguvu, mama. Ile yote umeibeba mu kichwa? Mimi siwezi. Bon, kichwa iko tayari. Sasa tutafutie macho kazi." Yule binti alihamia benchi ya mbele, akaanza upya na makofi ya jina lake, na baada ya muda akawa ndiye mwandishi hodari kuliko wote pale chumbani.

Simcheki mtu kwa kisa hicho, maana mimi mwenyewe nilipitia chuoni, kwenye madrasa, nikaimba pamoja na wenzangu kurasa ambazo sikuzielewa, na kumbukumbu niliyopata kule ndiyo inayonipa ugali mpaka leo. Kuimba pamoja kuna baraka yake. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hadi madirishani, bila vitabu, afanye nini kingine? Sauti moja kubwa humfunika kila mtu: anayejua huiongoza, asiyejua hujificha ndani yake. Shida ni kwamba tumezoea kujificha huko mpaka uzeeni. Mji wetu unapenda sauti. Mwenye maikrofoni ndiye mtu; anayenyamaza kutafuta neno tunamwona ameshindwa, na kwa wema wetu wote tunakimbilia kumkamilishia. Ndivyo tunavyofanya ofisini, kanisani, msikitini, hata mezani na watoto wetu. Nami ningeendelea kuona ni wema mtupu kama nisingelifahamu darasa la mlango wa bluu, na hasa kama nisingelimfahamu mama wa lituma.

Mama huyo ndiye sababu ya mimi kuandika leo. Anauza lituma, zile ndizi zilizochemshwa na kupondwa ambazo mtu wa Kisangani akizikosa huko ugenini anaumwa, na hupita na beseni lake mtaani kwetu kila siku. Ana binti mmoja aliyeolewa Yangambi, mumewe anafanya kazi za shamba kwenye kituo cha utafiti. Binti humwandikia mama yake ujumbe kwenye simu, kwa kuwa mtandao wa huko haubebi sauti vizuri. Na mama, kwa miaka yote hiyo, alikuwa anampa simu yeyote aliye karibu amsomee. Siku moja binti aliandika kwamba mimba imetoka. Msomaji wa siku hiyo alikuwa jirani mwenye mdomo mwepesi, akausoma ujumbe kwa sauti pale pale sokoni, na mama wa lituma akapata habari ya mjukuu wake sekunde ileile na wauza vitunguu na wapita njia. Wengine walianza kumpa pole kabla hajaelewa anapewa pole ya nini. Ndiyo siku aliyovuka barabara kwenda kwa Madame. Nilimsikia akisema mlangoni, bila hata kutua beseni, "Madame, mimi siko nataka diploma. Minataka tu nisome ya mutoto wangu mimi mwenyewe, mbele ya batu yote kujua."

Hakuwa mwanafunzi mwepesi. Vidole vyake vilivyozoea mchi vilikuwa vizito juu ya karatasi, na alikuwa na haraka, akitazama mwanzo wa neno na kubahatisha mwisho wake. Madame alimpanga na yule binti wa mtumishi. Mama alisema, mtoto aliandika, mama akasoma. Akikwama, mtoto alishika mdomo kwa mikono miwili, maana mmoja haukumtosha. Polepole mama akaacha kubahatisha. Alianza kuweka kidole chini ya kila kipande, na akaijua furaha ile ya kufika mwisho wa mstari bila kubebwa. Ujumbe wa binti yake alianza kuupata vipande vipande: salamu aliisoma, jina la mume aliliona, yaliyobaki Madame alimwambia yatakuja. Wiki zile za mwisho alikuwa anapita barazani kwangu akisoma kwa sauti tangazo la dawa ya minyoo, nami nilikuwa nampigia makofi. Kisha ndiyo tension ya Madame ikapanda, na mlango wa bluu haukufunguliwa.

Matanga yalifanyika nyumbani kwa Madame, turubai likafungwa uani, viti vya plastiki vikajaa. Kaka yake aliwasili kwa ndege kutoka Kinshasa, mtu mstaarabu, amechoka, na mazishi yote yakiwa mabegani mwake. Wanafunzi walimwomba nafasi ya kusema neno asubuhi ya maziko, kabla mwili haujaondoka, naye akakubali mara moja. Walimchagua mama wa lituma. Maneno yalitungwa kwa desturi yao: mama alisema, binti wa mtumishi, yule wa sare, akaandika, mama akajisomea, siku zote za msiba, nyuma ya jiko. Niliwapita pale nikamwuliza mama kwa nini asiyakariri tu, ayaseme kwa moyo, maana mbele ya watu ni pagumu. Alinitazama kwa mshangao. "Papa, nikisema na kichwa, Madame atajua nini? Atasema sikujifunza."

Basi alisimama mbele ya jeneza, kitenge cha msiba kiunoni, maikrofoni mkono mmoja, karatasi mkono mwingine, na kidole gumba chini ya neno la kwanza. Alisoma: "Mimi ni mama ya lituma. Madame alinikuta nimezeeka, sijue hata jina yangu. Siku ya kwanza nilitaka kukimbia. Madame alisema..." Hapo akakwama. Upepo ulikuwa unachezea karatasi, au macho yalikuwa yamejaa, sijui. Kidole kilisimama chini ya neno moja na hakikusogea. Nikageuka, nikawaona: vijana wa toleka kwenye viti vya nyuma, yule mzee wa macho, wanawake wenzake, binti wa sare kando ya jeneza, wote wameinua viganja na kuviweka midomoni. Walikuwa wanangoja. Binti yule alikuwa ameandika neno lile kwa mkono wake, machozi yanampita juu ya vidole, na hakufungua mdomo. Kwa mara ya mwisho darasa lilikuwa darasani, mbele ya mwalimu wao.

Lakini uwanja ule ulikuwa na watu wengi zaidi ambao hawakujua desturi hiyo, na wao walikuwa na ya kwao, ambayo ni yetu sote. Msibani hatumwachi mtu peke yake na ukimya. Msemaji akinyamaza tunajua kilio kimemkaba, na yeyote mwenye sauti nzuri huanzisha wimbo ili kumfunika mpaka apate nguvu. Ni huruma, na ni mojawapo ya mambo ninayoyapenda katika mji huu. Mama mmoja wa kwaya, mbele kabisa, aliona wanafunzi wa Madame wameshika midomo, akaamini wanazuia vilio, akanyanyua wimbo. Uwanja mzima ukaupokea. Mama wa lituma alitikisa kichwa, alisema kitu kwenye maikrofoni, nadhani alisema "Mungojee," ila wimbo ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa. Wanawake walimwendea, wakamkumbatia, wakamfuta uso, wakamketisha. Gari la kubeba mwili lilikuwa limewasha injini na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa mto. Kaka wa marehemu aliichukua karatasi kwa heshima kubwa na kumpa kijana wa protokole, yule msimamizi wa shughuli, ambaye ana sauti ya redio. Naye akaisoma vizuri sana: "Madame alisema: mama, tutakungoja." Kisha akatangaza utaratibu wa magari.

Mnaniuliza mimi nilifanya nini. Nilikuwa nimeketi safu ya tatu na nilijua kila kitu. Mngenitaka niinuke nikawanyamazishe waombolezaji? Nimwambie kaka wa marehemu, aliyekuwa hajalala, kwamba azime injini kwa ajili ya neno moja? Hakuna mtu pale aliyekuwa mbaya. Nimezunguka kichwani uwanja wote ule nikimtafuta wa kumlaumu, maana kulaumu ndiyo kazi yangu, na kila ninayemfikia namkuta ana mkono wa huruma. Nilibaki na kiganja mdomoni, wimbo ukapita juu yangu.

Darasa halikufa siku hiyo. Walirudi wakafungua mlango wa bluu, wakaketi kila mmoja mahali pake. Kijana mmoja mwenye diploma na moyo safi alijitolea kuwafundisha. Aliwapanga kwa urefu, akaanza na irabu, wote kwa sauti moja, na sauti ile ilikuwa nzuri kuisikia kutoka barazani. Wa kwanza kutoweka walikuwa vijana wa toleka, kisha wanawake, maana watu waliokwisha kusoma majina ya watoto wao hawakuweza kurudi kwenye herufi ya kwanza, na waliokuwa hawajafika huko hawakuthubutu kusema. Nani angemwambia huyo kijana kwamba huyu ameishia kipande gani, yule anaogopa neno la namna gani, mzee haoni, binti anabeba vitu kichwani? Madame alikuwa anajua yote hayo kwa kuwatazama. Alikwenda nayo. Nami nilijaribu, jamani. Nilimwita mama wa lituma barazani, nikamwandikia maneno yake, nikaketi naye. Anakwama, nanyamaza, nahesabu majani ya mpapai, na ghafla nasikia neno limetamkwa, na sauti ni yangu. Midomo yetu sisi tuliosoma mapema imelegea. Mama alikuwa ananifariji: "Si kitu, papa. Malembe malembe, polepole, utajua."

Halafu ikaja siku ya ule ujumbe. Alikuja mchana, beseni kichwani, simu mkononi, uso umewaka. "Papa, mutoto wangu ameandika. Usinisomee." Akatua beseni, akaketi kwenye ngazi, akaishika simu karibu na macho, nami kwa ujinga nikasimama nyuma ya bega lake. Jicho la msomaji halijui kuomba ruhusa. Kabla hajaweka kidole nilikuwa nimekwisha kuona yote: binti yuko njiani kwa mtumbwi wa injini, anafika leo, mtoto mchanga ana homa kali, mama amngoje kule beach, ndivyo tunavyoiita gati yetu. Mtoto huyo ndiye aliyezaliwa baada ya ile mimba iliyotoka. Mama akasoma, "Mama." Akatabasamu. Akasoma, "Niko." Akakwama. Nikashika mdomo.

Nilingoja, Mungu ni shahidi yangu. Taa ya simu ilizimika, akaiwasha. Ikazimika tena. Kidole chake kilikuwa chini ya neno la tatu, midomo inatembea, na safari hii alikuwa habahatishi, alikuwa anakwenda vile Madame alivyomfundisha, kipande baada ya kipande, na nina hakika angefika. Ila jua lilikuwa limekwisha kuelekea ng'ambo ya mto, na mitumbwi ya Yangambi huingia saa hizo, na nilimwona kichwani mwangu msichana amesimama kwenye matope na mtoto anayeungua. Ningefanya nini? Mwenye jibu aniandikie. Nikasema, "Mama, nenda beach. Mutoto wako anafika na pirogi ya leo, mujukuu iko na homa."

Hakuelewa kwanza. Kisha alielewa, na kabla ya hofu kuingia usoni mwake nililiona jambo jingine likitoka, ule mwanga aliokuja nao. Akasimama. "Aksanti, papa," alisema, na alimaanisha. Akaita toleka, akaenda, beseni akaniachia. Aliwahi. Mtoto alifikishwa zahanati jioni hiyo hiyo na sasa ni mzima, nimembeba mwenyewe, ni mnene. Kila ninayemsimulia ananiambia nilifanya sawasawa, na mimi pia najiambia hivyo, kisha nalala vibaya. Siku chache baadaye nilimwuliza mama kama tuendelee na masomo. Alipanga lituma zake kwenye jani, hakuwa na hasira hata kidogo. "Papa, kusoma inaomba mutu ya kukungojea," alisema. "Yule mutu tulimuzika. Sasa batu yote iko na mbio, na mbio yao iko ya kweli."

Nimeandika sana juu ya shule katika safu hii: madawati, vitabu, mishahara, paa zinazovuja, na sifuti hata mstari mmoja. Lakini mkiniuliza leo ni nini hasa kilichopotea nitasema ni mtu mmoja aliyeweza kuketi mbele ya mtu aliyekwama asimsaidie, na asimwache. Hilo silioni likifundishwa popote, na sijui nimwombe nani alirudishe. Wewe unayenisoma na mwanao anahangaika na neno hapo ubavuni pako, ikiwa huna mtumbwi unaofika leo, shika mdomo wako. Ni hilo tu nililojifunza ng'ambo ya barabara, na kama mlivyoona, mimi mwenyewe limenishinda.

Jana mama wa lituma alipita tena. Nilinunua, tukasalimiana, na simu yake ikalia ndani ya kitenge, ujumbe umeingia. Aliitoa, akaifuta kwa kidole gumba, akaninyoshea bila kuitazama. Nikausoma.